Waya Uliopita Migombani

Simu ya Shangazi Leokadia ilinikuta shuleni Nyarubungo nikisahihisha madaftari, na kwa kuwa Shangazi hana desturi ya kupiga simu saa za kazi, nilijua kabla sijapokea kwamba kuna msiba. Akaniambia jirani yake, Mama Fides, amefariki. Alisema hivyo tu, nikawa nasikia kuku wake wakilia nyuma yake huko Rulenge. Nilipomuuliza marehemu aliugua nini, alisema njoo kwanza, mengine tutayaongea ukifika. Nikaomba ruhusa, nikapanda gari la Ngara, na hadi nashuka Rulenge na kuanza kutembea kuelekea nyumbani, sauti ile ya Shangazi ilikuwa bado haijanitoka masikioni. Nilikuwa nimeizoea sauti yake ya msiba. Hii haikuwa hiyo.

Matangani nilikuta kina mama wakimenya ndizi nyuma ya nyumba ya Mama Fides, na wanaume wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa. Nikasalimia kila mtu kwa zamu yake, shikamoo hapa, marahaba pale, nikapewa kisu na beseni, nikakaa. Haukupita muda mzee mmoja akaanzisha habari za mwaka wa waya. Alisimulia jinsi katekista alivyokuwa akihubiri juu ya nuru ya ulimwengu huku taa yake inawaka kwa hela ya mjane, na watu wakacheka, hata wale waliokuwa wakilia. Mimi nilibaki na ndizi mkononi nimeduwaa. Sikuwa nimejua kwamba jambo lile limefika mahali pa kuchekewa. Mimi nililiona kwa macho nikiwa msichana, na mpaka leo likinijia nashtuka upya, kama mtu anayekumbuka alivyonusurika kugongwa na gari.

Habari za ukoo wetu sitazieleza. Anayezitaka aende Rulenge, atasimuliwa mpaka aombe kulala. Yatosha kujua kwamba Shangazi Leokadia ni dada yake baba, kwamba alikuwa mjane, na kwamba mwaka nilipomaliza kidato cha nne nilipelekwa kwake kumsaidia kazi wakati nasubiri nafasi ya chuo. Nilikuta nyumba yenye umeme. Mwanawe Deo, anayefanya kazi Kahama, ndiye aliyelipia, na kwa kuwa nyumba ilikuwa kando kabisa ya barabara zilipopita nguzo, haikuwa shida kuunganishwa. Sebuleni palikuwa na makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, picha ya Bikira Maria, jokofu la mitumba lililokuwa likinguruma mchana kutwa, na ukutani karibu na mlango kile kidude cha luku, mita ya umeme wa kununua kwanza, chenye namba na kijitaa chekundu cha kupepesa. Shangazi alikipangusa vumbi kila asubuhi baada ya kumpangusa Bikira Maria. Nilimcheka kwa siri, maana nilidhani ni ushamba.

Lakini chakula hakikupikwa kwa umeme. Jiko lilikuwa nje, nyumba ndogo ya udongo yenye mafiga matatu, na moto wake ulikuwa hauzimwi. Jioni makaa yalifukiwa kwenye majivu, asubuhi yakafukuliwa. Chumba changu kilipakana na jiko hilo, kwa hiyo nilikuwa naamshwa na mazungumzo. Kila asubuhi, jua likianza kuchungulia, Mama Fides alipita katikati ya migomba akiwa na kigae cha chungu kilichovunjika, akaingia, akachuchumaa, akachota makaa. Kigae kilijaa upesi ila mazungumzo yalichukua muda. Nikiwa chini ya blanketi nilipata habari zote za kata: nani homa imempanda, ng'ombe wa nani amezaa, binti wa nani amerudi na mimba, maharage bei gani gulioni. Akimaliza aliondoka bila kusema asante. Hilo lilinikera. Siku moja nilimuuliza Shangazi kwa nini jirani yake hashukuru, na kwa nini hasa hatumii kiberiti, kwa kuwa nilikuwa nimekiona kwake dirishani. Shangazi alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu huamkiana. Akaniambia kwamba moto mtu hashukuru wala halipi, kwa sababu ukilipa umekuwa mteja, na jirani si mteja. Akaongeza kwamba anayenyimwa moto ni mtu mmoja tu, yule ambaye kijiji kimekwisha kumtenga, mchawi au mwizi, ambaye hata akifa hachimbiwi kaburi. Nikasema sawa. Nilikuwa na miaka ya kusema sawa kwa kila kitu na kuendelea kuwaza yangu.

Ndipo siku moja Mama Fides akaja bila kigae. Alikuwa amebeba rola la waya mweusi begani, na nyuma yake mpwa wake fundi ameshika koleo. Nyumba yake ilikuwa ndani, mbali na nguzo, na hakuwa na uwezo wa kuweka nyaya nyumba nzima na kulipia kuunganishwa. Akasimama mlangoni akasema, kwa sauti ileile ya kila siku, "Mama Deo, nimekuja kuchukua moto." Shangazi hakuuliza kitu. Aliinuka, akamwonyesha fundi soketi ilipo, akarudi kukoroga uji. Waya ukapitishwa juu ya migomba, umefungwa kwa kamba za migomba hiyohiyo, mpaka kwa Mama Fides, ukawasha taa moja. Jioni hiyo nilisimama nyuma ya jiko nikaiona ile taa inawaka kwenye majani, na sitadanganya, nilifurahi. Kila mtu alifurahi. Kwa miezi kadhaa umeme ulikuwa rahisi kiasi kwamba Shangazi akinunua aliweza kusahau lini alinunua.

Halafu siku moja alinituma dukani na elfu tano yake ya kawaida. Muuzaji akabonyeza simu yake, akanipa karatasi yenye tarakimu, nikarudi nikazibonyeza kwenye luku, na uniti zilizoingia zilikuwa kiduchu. Nikadhani nimekosea. Shangazi akadhani nimekula hela; hakusema, lakini alinitazama mikononi, nami nikalia kwa uchungu. Kesho yake tukapanda gari wote wawili mpaka ofisi ya umeme. Kijana wa pale alikuwa mpole. Alieleza kwamba nyumba zinazotumia umeme kidogo zina bei yake nafuu, na nyumba ikizidisha matumizi inahamishwa inakwenda bei ya wakubwa. Yetu imezidisha, tena miezi mfululizo. Shangazi akamwambia yeye ni mjane, ana taa chache na jokofu. Kijana akatazama tena kwenye mashine yake, akasema kwa upole uleule, "Mama, nyumba yako inakula umeme kama hoteli." Shangazi alishika ukingo wa meza. Njiani, sisi tuliokuwa tukipenda kununua ndizi za kuchoma stendi, siku hiyo tulizipita bila kuziangalia.

Hapo ndipo tulipoanza kubana. Jokofu lilichomolewa, likawa kabati la sukari na sahani. Pasi ya umeme ikafungiwa, tukarudi kwenye ya mkaa, ambayo ilinitobolea sketi yangu pekee ya maana kwa cheche. Balbu zikaondolewa vyumbani, ikabaki ya sebuleni, nayo iliwashwa kwa chakula na sala, ikazimwa kabla ya Amina haijaisha vizuri. Televisheni ilifunikwa kitambaa. Tulikula maharage yaliyopikwa mchana, baridi, ili tusikae na taa jioni. Hela ya kahawa, ambayo Shangazi alikuwa ameitenga kununua mabati ya jiko, ilianza kuingia kwenye kile kidude, na bado kidude kilikuwa kinapiga kelele za kuishiwa. Nilifikia kukichukia. Asubuhi moja nikiwa nafagia, kila kitu kimezimwa, hakuna hata redio, nilitupa jicho ukutani nikaona kijitaa chekundu kinapepesa mbio, mbio, bila kupumzika. Niliacha ufagio. Nikamwita Shangazi aje aone. Tukasimama wawili mbele ya ukuta, nyumba kimya kabisa, na kile kijitaa kikiendelea kupepesa. Shangazi akafanya ishara ya msalaba.

Aliitwa shemeji yake, Mzee Kristofa, mdogo wake marehemu mumewe, mtu mwenye tumbo na kauli. Alitazama kijitaa, akatazama soketi, akasema hapa hakuna jini, hapa kuna waya. Jumapili baada ya misa akanichukua tukaufuata. Mpaka kwa Mama Fides hapakuwa na la ajabu: taa moja, na redio ndogo. Lakini nyuma ya nyumba yake, chini ya paa, waya mwingine ulikuwa umeungwa kwa nailoni, ukaingia tena migombani. Tukaufuata hadi kwa katekista, ambaye alikuwa na taa sebuleni, chumbani, jikoni na bandani kwa mbuzi. Shikamoo, marahaba, waya huu umeutoa wapi baba? Kwa Mama Fides, akajibu bila wasiwasi wowote, nilimwomba moto. Kwake ulitoka mwingine, mwembamba zaidi, ukaenda kwa bibi kizee mmoja ambaye hakujua kwamba una mwanzo wala mwisho, alijua tu kwamba katekista ni mtu mwema. Kwa bibi ulitoka mwingine. Kadiri tulivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuogopa, kwa sababu kila nyumba tuliyoingia ilikuwa na simu za watu wengine zimepangwa mezani zinachajiwa, na kila mwenye nyumba alitaja jina la aliyemtangulia kwa heshima. Hakuna aliyetuficha. Hakuna aliyejua kama kuna la kuficha. Mama Fides aliombwa moto na jirani yake, akatoa, kwa sababu hajawahi kumnyima mtu moto. Na aliyepewa naye akaombwa, naye akatoa.

Mwisho wa waya ulikuwa kilabuni. Nasema nilishtuka na bado neno halitoshi. Palikuwa na kinyozi ananyoa kwa mashine, redio kubwa inayotikisa dari, na ukutani friza refu, jeupe, limejaa soda na bia. Mwenye kilabu alitupokea kwa furaha, akafungua friza, akampa Mzee Kristofa bia ya baridi bila kudai hela. Mzee Kristofa aliikamata chupa, akaitazama ilivyotoka jasho, akasema, "Hii nishailipia." Akainywa yote hapo hapo amesimama. Mwenye kilabu akacheka, akidhani ni utani wa wazee.

Jioni ile sebuleni nilimshauri Shangazi jambo lililoonekana kwangu rahisi mno: kila nyumba ichangie. Nilikuwa nimesoma hesabu, nikaanza hata kumpigia mgawanyo. Alinikatiza. "Adela, unataka niuze moto?" Nikasema si kuuza, ni kuchangia. Akauliza wakichangia watampa nini. Nikasema hela. Akasema, "Basi ni kuuza." Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. Mzee Kristofa, aliyekuwa akimalizia ugali, akasema wewe endelea na mila zako, kahawa yote imekwisha, ukimaliza utauza shamba. Asubuhi ya gulio, Shangazi akiwa ameondoka na kikapu cha maharage, Mzee Kristofa alikuja, akachomoa waya kwenye soketi, akauvuta kutoka migombani, akauviringisha, akautundika kwenye msumari stoo. Kisha akaenda mwenyewe kwa Mama Fides kumwambia kwamba umeme wa shemeji yake umerudi kwa mwenyewe. Shangazi aliporudi akaukuta msumarini. Hakuurudisha, kwa kuwa kikapuni mwake hakukuwa na kitu cha kununulia uniti za watu wote wale, na mimi nilishukuru, nikaona mambo yamekwisha.

Kesho yake niliamka mwenyewe, jua limeshapanda. Sikuelewa kwa nini nimelala sana, mpaka nilipotoka nikamkuta Shangazi jikoni, makaa yamefukuliwa yamekuwa mekundu, amekaa anatazama mlango. Mama Fides hakuja. Hakuja kesho yake wala siku iliyofuata. Kisimani kina mama walituitikia salamu na kurudi kwenye mazungumzo yao. Katekista, aliyekuwa na maneno mengi kuliko bomba, alikuwa akivuka barabara anapotuona. Hakuna aliyetutukana, ningeona afadhali wangetutukana. Kijiji kizima kilikuwa kinasikia jambo moja, kwamba Leokadia amenyima moto, na wote walijua moto hunyimwa nani. Sasa kila mmoja akawa anajiuliza amemfanyia nini mwanamke huyu hata amweke kundi la wachawi. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni uniti tu, ni bei imepanda. Nani angenisikiliza? Luku yenyewe wengi wao hawakuwahi kuigusa.

Tulikuwa tunachambua maharage barazani mchana mmoja walipopita watu wengi barabarani, wanaume wamebeba majembe na sepetu, miguu imejaa udongo mwekundu, wanawake wamejifunga kanga kiunoni. Mama Fides alikuwa katikati yao. Shangazi aliinuka na ungo mkononi akauliza kuna nini. Mmoja wa wanaume akajibu bila kusimama kwamba wametoka kumzika Mzee Laurenti. Mzee Laurenti alikuwa jirani wa upande wa bondeni; alimsimamia Shangazi ndoa. Hakuna aliyekuja kutuambia kwamba amekufa. Watu walikesha, wakapika, wakachimba, wakazika, na sisi tulikuwa hapa tunachambua maharage. Shangazi akaketi. Maharage yakamwagika, kuku wakayafuata, na hakuwafukuza. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu isipokuwa siku ile. Baadaye, nikiwa nimeshaokota niliyoweza, akasema, "Umeme naweza kuishi bila. Lakini nikifa mimi, Adela, nani atachimba?"

Nilimwambia Deo yupo, nipo mimi, yupo Mzee Kristofa. Akatikisa kichwa. Mtoto wa Kahama hawezi kuchimba kaburi kabla maiti haijaharibika, na Kristofa na tumbo lile. Aliyasema hayo bila utani wowote. Halafu akaingia ndani, akapanda kwenye kiti, akaifungua balbu ya sebuleni. Akachukua na zile tulizokuwa tumeziondoa vyumbani, akazipanga zote kwenye kikapu juu ya kitambaa cha kochi, akajitwisha, akashika njia ya migombani. Nilimfuata nikiuliza anafanya nini. Nilidhani amechanganyikiwa.

Mama Fides alikuwa uani anaosha miguu ile yenye udongo wa kaburini. Shangazi alikitua kikapu mbele yake. "Kwangu nako ni giza," akasema. "Sikukunyima. Umeme ulikuwa umenishinda, na sikujua namna ya kukwambia. Kuanzia leo na mimi sina." Mama Fides alichungulia kikapuni. Akatoa balbu moja, akaigeuzageuza, akairudisha taratibu kama yai. Nilitegemea maneno, kilio, kupatana kwa namna watu wanavyopatana. Yeye akauliza tu, "Sasa jioni utasali na nini?" Shangazi akajibu, na koroboi, kama wewe. Nikawaona wote wawili wanatazama pembeni, na nikatazama pembeni na mimi kwa sababu nilikuwa nalia. Tulirudi bila balbu. Jioni ile tulikula kwa koroboi, moshi ukanichoma macho, na nilikuwa na hasira kali na mwanamke yule aliyekuwa na umeme ukutani akachagua kukaa gizani. Sikuwa nimewahi kuona mtu akitupa kitu kizuri hivyo kwa hiari yake.

Asubuhi niliamshwa na mazungumzo.

Sikusikia mwanzo wake. Nilisikia Mama Fides akieleza jinsi Mzee Laurenti alivyokata roho, nani alimshika mkono, kaburi lilivyogonga mwamba, na Shangazi akiuliza moja moja, kama mtu anayelipwa taratibu deni la msiba wake. Nilibaki chini ya blanketi, sikuthubutu hata kukohoa. Mwishoni Mama Fides alisema kitu ambacho mimi, msomi wa nyumba ile, sikukifikiria. Alisema ni kweli moto hauuzwi, lakini na mtu hawezi kuota moto wa mwenzake kila siku bila kuja na ukuni. Alisema wao wote wameota mwaka mzima mikono mitupu. Shangazi akauliza ukuni wa umeme unafananaje. Mama Fides akasema hajui, ataulizia.

Ukuni wa kwanza uliletwa na katekista, amevaa koti la misa. Ulikuwa karatasi ya duka yenye tarakimu za luku. Shangazi alirudi nyuma, akauliza kama ni hela. Katekista akasema si hela, mama, ni ukuni, uweke motoni mwenyewe. Shangazi hakuishika, alininyooshea kidole mimi, nikaichukua nikabonyeza, uniti zikaingia. Baada yake akaja bibi kizee na karatasi yake iliyokunjwa ndani ya leso, uniti zake ni za kuonea huruma, na Shangazi alimpokea kwa magoti. Mwenye kilabu alileta ukuni mnene; lakini kwanza aliitwa na wazee akaambiwa friza lile si la kuota moto, ni la biashara, alitafutie moto mwingine. Waya ukashushwa kwenye msumari, ukarudi migombani, na kikapu cha balbu kikarudi kimebebwa na Mama Fides, hakuna iliyopasuka. Tuliishi hivyo mpaka watu wa umeme walipokuja kusimika nguzo za kuingia ndani. Waliuona waya wetu, wakaukata wote, wakatukemea vibaya, wakatuonyesha mahali nailoni ilipoyeyuka na jani la mgomba lilipoungua. Tungekufa wote, walisema, na mvua ile ya Ngara. Mwaka mzima tulikuwa tumelala chini ya waya ule.

Nafasi ya chuo ilitoka, nikaenda ualimu, na sikuishi tena Rulenge. Nilikuwa nikija likizo nikaona maendeleo: kila nyumba na luku yake, kila nyumba na taa yake ya nje. Mama Fides akapata yake. Watoto wake wakaondoka wote, Fides mwenyewe yuko Mwanza. Shangazi akaletewa mtungi wa gesi na Deo, jiko la mafiga likawa stoo. Niliyaona haya nikayapongeza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba zamani watu waliombana makaa, nao wakacheka.

Baada ya kuanua matanga nilikaa barazani na Shangazi jua likiwa linazama, tukitazama upande wa migomba, ambako sasa kuna nyumba nyingi kuliko migomba. Nikamkumbusha kwamba hakunijibu kwenye simu. Alikunja kanga mapajani, akaikunjua. Akasema Mama Fides hakuugua. Daktari anasema ni moyo, alianguka Jumanne asubuhi mlangoni kwake, upande wa ndani. Aliyemkuta ni muuza maziwa, na alimkuta Jumatano.

Nilimuuliza ina maana alilala pale siku nzima. Nikauliza mbona majirani. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, maana sikuamini kwamba ni kijiji kilekile.

"Taa yake ya nje iliwaka Jumanne mchana kutwa," Shangazi akasema. "Unaona pale? Niliiona nikiwa nimekaa hapahapa. Nikasema moyoni, huyu Mama Fides siku hizi ana uniti za kuchezea. Nikakasirika kwa ajili ya zile uniti, Adela. Nikaendelea na maharage yangu."